Kimya Kilichopenya Pazia

Sauti ilikuwa moja tu. Awe mzee, awe kijana, awe mkulima wa milimani au fundi wa tambarare, mtu akishapita kwenye Pazia, ule mtambo wa kuwaficha wasemaji, alitoka na sauti ileile, si ya kiume wala ya kike, haina umri, haina kwao. Nakijwa alikuwa ameisikiliza kwa miaka mitano. Alikuwa ameichoka jinsi mgonjwa anavyouchoka uji, lakini ndiyo sauti pekee iliyokuwa na jambo la kumwambia, kwa hiyo kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake mapema na kuingoja.

Asubuhi hiyo ilimletea habari za watoto.

"Bembea isipopita, watoto wetu wanakwenda shule kwa miguu," ilisema sauti. "Njiani kuna wanyama wakubwa. Mwaka ule bembea iliposimama tulizika wawili. Mimi ni mwalimu wao, Mpimaji, na sina la kuongeza."

Pazia lilikwisha kufanya kazi yake hapo. Huenda mwalimu yule alitaja tembo, huenda alitaja nyati. Pazia lilisema wanyama wakubwa, basi. Kituo chake huenda kilikuwa na jina linalojulikana nchi nzima, lakini kwa Nakijwa kiliitwa Jamvi, na kile kilichokuwa kinashindana nacho kiliitwa Kinu. Aliyelitengeneza Pazia, sijui siku hiyo alikuwa na njaa, alivipa vituo vyote majina ya vyombo vya nyumbani. Ndiyo maana Nakijwa alishampa Mwiko umeme, akamnyima Chungu, akamwongezea Mbuzi ya Nazi, wala asijue kama amewapa wajomba zake au watani zao.

Na ilitakiwa asijue. Ukanda mzima, kutoka Tanga hadi milima ya Upare, ulikuwa na miji kumi na minne, na kila mji ulitia umeme wake katika Kapu moja. Mwenye mto alitia wa mto, mwenye upepo alitia wa upepo, na asiye na hiki wala kile alitia wa mapaa ya nyumba zake. Humo ndimo zilimokula bembea, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma na kupanda mahali ambapo barabara ilishasalimu amri. Kutia kwenye Kapu hakukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa wa kugawa. Wenyeviti kumi na wanne waliketi meza moja, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mmoja wao aliivuta bembea mpaka shambani kwa wakwe zake, ikawa inapanda na kushuka imebeba mbolea na mashemeji. Watu wakachoka, wakaweka mashine igawe. Mashine ikawaongezea wanaosafiri sana, na wale wa milimani, ambao hawasafiri sana kwa kuwa hawana cha kusafiria, ikawakatia kabisa. Nayo ikaondolewa. Ndipo wakasema wanataka mtu, mtu mwenye moyo ila asiye na ndugu. Mtu wa namna hiyo haokotwi sokoni. Ikabidi wamtengeneze.

Walimtengeneza Nakijwa kutoka kwa mwalimu wa hesabu aliyekuwa na baba, mama, na kicheko kikubwa. Walimpandisha kwenye kilima kikavu katikati ya tambarare, wakampa nyumba safi yenye madirisha yanayotazama vichaka, wakamwambia miaka saba. Kwao walijua tu kwamba ameitwa na Ukanda. Hakupata barua, simu wala mgeni, na hata maneno yake mwenyewe yakitoka nje yalipita kwenye Pazia kwanza. Sheria ilimwachia mlango mmoja. Siku akimtambua anayesema mbele yake, aseme neno moja, Nimemjua, na hapohapo kesi itatolewa mikononi mwake irudi kwa wenyeviti, na yeye ataondoka kilimani siku hiyohiyo bila lawama. Wapimaji waliomtangulia walimaliza muda wao bila kulitamka.

Mwaka huo mvua ilikuwa imegoma. Mito ilikuwa imekonda, Kapu halikujaa, na kamba mbili hazikuweza kula pamoja mpaka masika. Ama Jamvi, ama Kinu. Hukumu itoke kabla jua halijazama.

"Sasa Kinu," alisema Bi Mwanamkasi kutoka chumba cha pili.

Huyo ndiye mtunza Pazia, mwanamke wa Pangani mwenye mwili wake na maneno yake. Sheria ilimruhusu azungumze na Mpimaji kuhusu chakula na hali ya hewa tu. Kumpimia mtu wa Pangani maneno ni ukatili, lakini alivumilia, na katika miaka mitano aliweza kuyasema mengi ya dunia kwa kutumia samaki na mawingu peke yake.

"Shikamoo, Mpimaji," ilianza sauti ileile. "Sisi ni wachache. Sitakudanganya kwamba tuko wengi."

Kikafuata kimya.

"Barabara yetu ilichukuliwa na maporomoko. Imebaki njia ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe hupita akisali."

Kimya kifupi, kisha kirefu.

"Nyumbani nina mtu wangu. Figo zake zimekufa. Kila wiki anashuka kwenda kusafishwa damu, na bembea ndiyo miguu yake. Wapo wengine, lakini mimi nimesimama kwa ajili ya huyo."

Kimya kifupi, kisha kirefu.

Nakijwa aliinua uso. Alisogeza kiti karibu na Pazia kabla yeye mwenyewe hajajua kwa nini.

Kwao, mtu haombi akiwa mikono mitupu. Ukienda kumwomba jirani jambo zito unachukua kazi yako, unakaa naye uani, unafanya kazi huku unasema, na nyote wawili mnatazama kazi. Hivyo akikunyima hamkutazamana, na kesho mnasalimiana kama kawaida. Mama yake aliomba siku zote akiwa na ungo. Alirusha maharage huku akisema, kisha alinyamaza ili apulize makapi, pumzi fupi ya kwanza na ndefu ya pili, kwa sababu alikuwa na pengo la jino mbele na pumzi ya kwanza ilimtoroka. Ndivyo alivyomwombea Nakijwa nafasi ya shule. Ndivyo alivyomwomba baba radhi mwaka waliokosana. Nakijwa alikulia ndani ya mwendo huo, maneno na kurusha, kimya kifupi, kimya kirefu.

Pazia lilikuwa limeifuta sauti ya maharage na ya ungo, likafuta na pumzi. Lilikuwa limefundishwa kufuta kila kinachosikika, ila hakuna aliyefikiri kulifundisha kimya.

Mama, alisema Nakijwa moyoni. Miaka mitano hakuwa amelitumia neno hilo kwa mtu aliye hai mbele yake. Baada ya hapo yakaja yale mengine. Nyumbani nina mtu wangu. Wanawake wa kwao hawawataji waume zao kwa majina. Figo zake zimekufa. Baba.

"Mpimaji ana swali?" aliuliza Bi Mwanamkasi. Kila upande Mpimaji aliruhusiwa swali moja.

Nakijwa aliuliza: "Bembea ikisimama, mtu wako atashukaje?"

Maneno yalipita kwenye Pazia, yakaenda kokote yalikokwenda. Jibu likarudi.

"Tutambeba," ilisema sauti. Kimya kifupi, kisha kirefu. "Tutambeba mpaka tushindwe."

*

Bi Mwanamkasi aliweka sahani ya wali na papa wa kukaanga juu ya meza, akasimama pembeni, mikono kiunoni.

"Hujala."

"Sina njaa, Bi Mwanamkasi."

"Samaki huyu ametoka mbali kuliko wewe. Mheshimu."

Nakijwa alitazama dirishani. Nje kulikuwa na vichaka vilevile na vumbi lilelile, na mbali kabisa, bluu juu ya bluu, milima ambayo hakuwa akiruhusiwa kuuliza majina yake ingawa aliyajua. "Nimemjua aliyesema," alisema.

Bi Mwanamkasi alikwenda akaufunga mlango unaoelekea chumba cha Pazia, taratibu, akaubana na kiti. Neno la sheria huwa neno likisemwa mbele ya Pazia tu. Hapa mezani bado lilikuwa maongezi.

"Sikusikia," alisema.

"Umesikia."

"Nimesema sikusikia, binti yangu. Kula."

"Ni mama yangu."

Bi Mwanamkasi akakaa. Hakuwa amewahi kukaa kwenye meza ile, haikuruhusiwa, na kiti kililia chini yake. Kwa muda hakukuwa na samaki wala mawingu ya kuzungumzia.

"Kabla hujamjua," aliuliza mwishowe, "ulikuwa unaelekea wapi?"

"Sijui. Nilikuwa sijafika."

"Basi fika sasa. Una akili, miaka yote hii nimekuona. Weka pembeni huyo mama, pima."

"Nimejaribu tangu asubuhi. Nikimpa Kinu, nimempa mama. Nikimnyima, nimemnyima mama ili nafsi yangu isinisute kwamba nimempa. Kila upande ninaogeukia yupo, amekaa na ungo wake. Na wale watoto wa Jamvi nao wapo, wanakanyaga nyayo za hao wanyama." Alisukuma sahani. "Sina mizani tena."

"Nisikilize, maana nikishasimama hapa sitasema tena." Bi Mwanamkasi aliinamisha kichwa. "Ukilitamka hilo neno, kesi inarudi kwa wenyeviti. Wale wanahesabu vichwa. Mahali penye watu wachache, wamejisemea wenyewe kwamba ni wachache, nani atawanyooshea mkono? Utakuwa umewakata kwa ulimi wako. Ukinyamaza ukaamua, walau wana nafasi."

"Nafasi ya wizi."

"Nafasi ya mtu kupona. Na hakuna atakayejua. Mimi nitakayejua ni mtu wa kupika tu."

Lilikuwa neno la huruma, na Nakijwa alilipokea hivyo. Mtu aliyekulia kwa watu anajua tofauti ya shetani na jirani anayekuonea huruma. Alinyoosha mkono akaushika wa Bi Mwanamkasi, mnene, wenye harufu ya kitunguu. Ulikuwa mkono wa kwanza wa mtu kuushika tangu alipopanda kilima kile, akaona aibu jinsi alivyoung'ang'ania.

"Kuna jingine," alisema. "Nikilisema, leo naenda nyumbani."

"Najua."

"Sasa niambie. Kinachonisukuma ni haki, au ni huko nyumbani? Kwa sababu nikijichungulia ndani sioni. Usiku nazungumza na jagi la maji, Bi Mwanamkasi. Nalipasha habari. Natamani mtu anigombeze. Mtu mwenye hali hii akisema anafuata haki, utamwamini?"

Bi Mwanamkasi aliuchukua mkono wa Nakijwa akaupigapiga kidogo, jinsi unavyompigapiga mtoto mgongoni ili acheue.

"Mimi si Mpimaji," alisema. "Lakini nakuambia hivi. Wakija watu wanaomjua mama yao wakanyamaza, kesho atakuja anayemjua mkwe wake, naye atanyamaza. Tulikotoka tunakujua. Sasa hilo ni la haki au la nyumbani, Mungu atachambua mwenyewe." Alisimama, akakitoa kiti mlangoni. "Leo joto limezidi."

Nakijwa alirudi kwenye kiti chake mchana ule, jua likiwa bado juu ya vichaka. Aliwafikiria watoto wawili waliozikwa. Alimfikiria baba yake, mwanamume mrefu asiyependa kusaidiwa hata kuvuka mfereji, amelazwa kwenye machela kama furushi. Akafikiri kwamba mama hajui kabisa aliyekuwa akimwomba ni nani, na hilo ndilo lililomvunja. Alilia kidogo, akajifuta na kiganja.

"Nimemjua," alisema mbele ya Pazia.

Taa ndogo juu ya meza ilizimika. Hapakuwa na kingine. Hakuna kengele iliyolia.

*

Bembea ya kupanda Kirindo, kijijini kwao, ilikuwa bado inatembea ikingoja uamuzi wa wenyeviti, nusu tupu. Nakijwa alikaa karibu na kioo, kifurushi chake mapajani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano akasikia watu. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anamsema dada yake kwa sababu ya kuku fulani. Kulikuwa na mwanamume mwenye kikohozi kibovu. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akivuta maneno puani, lafudhi ileile ya kwao, ile ambayo shuleni walichekwa nayo. Kila mmoja alikuwa na sauti yake. Nakijwa aligeuzia kioo uso wake, akaacha machozi yashuke hadi kidevuni, na yule mwanamke wa kuku akakatiza ugomvi wake ili ampe leso.

"Una msiba, mdogo wangu?"

"Hapana, dada. Nakwenda nyumbani."

"Aa," alisema yule mwanamke, akarudi kwenye kuku.

Chini yao mlima ulikuwa umechanika pale maporomoko yalipopita. Barabara ya zamani ilionekana kipande huku na kipande kule, katikati udongo mwekundu, na pembeni ya udongo ile njia nyembamba ya mbuzi. Nakijwa aliitazama akihesabu moyoni ni mabega ya nani yangetosha kumshusha baba.

Mtu wa kwanza kumwona Kirindo alikuwa baba mwenyewe. Alikuwa anashuka kutoka msituni, mzigo wa kuni begani, shingo imenyooka, anapiga mluzi. Nakijwa alisimama katikati ya njia. Baba, mzee Mrutu, akautua mzigo, akamtazama tangu miguu hadi kichwa.

"Umekonda," alisema.

"Shikamoo, baba. Wewe ni mzima?"

"Marahaba. Kwani unanionaje?"

"Figo zako."

"Figo zangu ziko hapa, sijaziuza."

Nakijwa akacheka. Kile kicheko chake kikubwa, alichodhani kimeachwa kilimani, kilimtoka chote hapo njiani, akamkumbatia baba yake, akacheka mpaka mzee naye akaanza kutabasamu bila kujua anatabasamia nini. Furaha yake ilikuwa nzima, haikuwa na kovu. Ilidumu kutoka pale njiani hadi kwenye ua wa nyumbani.

Mama, Bi Nakunda, alikuwa amekaa kigodani, ungo mapajani. Walishikana muda mrefu. Aliletewa maji, akaletewa makande yaliyolala, akayala kama mtu aliyetoka jela. Ndipo akasema.

"Mama, nilikusikia. Nilikuwa mimi. Wewe uliomba vizuri sana, ila nilikujua, ikabidi niseme."

Bi Nakunda aliacha kurusha maharage.

"Ulinisikia nikiomba wapi?"

"Kwenye kesi ya bembea. Ulikuwa unapepeta. Pazia lilifuta yote ila kile kimya chako, kifupi na kirefu. Nikajua ni wewe. Uliposema nyumbani una mtu wako, nikadhani ni baba."

Mama aliuweka ungo chini. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama kuni.

"Sikuwa mimi, mwanangu," alisema. "Wanakijiji walikuja wote hapa kunibembeleza niende kusema, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kuomba. Nikakataa. Mtu akiitwa na Ukanda, na miaka inapita hatumi hata salamu, kazi ni ipi nyingine? Nikasema moyoni, kama mwanangu ndiye amekaa pale, mimi nikisema nitaiharibu mizani. Hawakunielewa, na sikuweza kuwaeleza. Tangu siku hiyo wengine hapa hawanisalimu vizuri."

Nakijwa alisimama. "Ni nani aliyesema?"

"Mama Tumsifu. Mumewe ndiye mgonjwa." Bi Nakunda aliokota punje moja iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo. "Alipoletwa hapa bibi arusi alikuwa hajui hata kushika ungo. Mimi ndiye niliyemfundisha kupepeta. Pengo la jino ni langu peke yangu, lakini pumzi alizichukua zote mbili kwangu. Kina mama wa upande huu wote wanapepeta hivyo."

Nyumba ya Mama Tumsifu ilionekana kutoka pale uani, moshi mwembamba juu ya jiko lake. Nakijwa alikumbuka alivyocheka njiani, na akatamani ardhi impokee.

*

Wenyeviti kumi na wanne waliketi wiki hiyohiyo. Walihesabu vichwa. Jamvi, ambalo sasa lilikuwa na jina lake la kweli na watoto wake wa kweli, lilipewa umeme mpaka masika, na hakuna mtu Kirindo aliyesema kwamba watoto wale hawakustahili. Walikaa tu siku ya mwisho kutazama bembea ikiingia kituoni na kusimama. Ilibembea kidogo kwa upepo. Baadaye ikatulia.

Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Hakuna aliyemtukana Nakijwa. Walimsalimu, walimwuliza hali, wakapita. Akiingia dukani maongezi hayakukatika, ila yalihama yakaenda kwenye mambo ya mvua na bei ya tangawizi, na alilijua jambo hilo vizuri, maana alikuwa ameishi ndani yake miaka mitano. Watu walikuwa wanamzungumzisha kuhusu chakula na hali ya hewa. Alikuwa kwao, katika kitanda chake cha usichana, upweke wa kilimani ukiwa umemfuata na kulala kando yake.

Asubuhi ya kumshusha Baba Tumsifu, alikwenda bila kuitwa. Machela ilikuwa ya miti miwili na blanketi lililoshonwa kwa kamba. Wabebaji walikuwa wanne, mzee Mrutu mmojawapo, na wengine wanne wangewapokea chini ya maporomoko. Nakijwa alimgusa kijana wa nyuma begani, akamwambia apumzike, na kijana akamtazama mama mwenye mgonjwa kwanza. Mama Tumsifu akaitikia kwa kichwa. Nakijwa akaingiza bega.

Mgonjwa alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri, lakini mlima ulimwongezea uzito kila hatua. Njia ya mbuzi ilikuwa na kokoto zinazokimbia chini ya mguu. Mama Tumsifu alitembea pembeni, mahali palipowezekana, ameinua mwavuli juu ya uso wa mumewe. Hakusema kitu mpaka walipoivuka sehemu ile mbaya kuliko zote.

"Mama yako ameniambia," alisema, macho kwenye njia. "Ulidhani ni yeye."

"Ndiyo, mama."

"Kama usingedhani, ungenipa?"

"Sijui. Nilikuwa sijafika. Naapa kwamba sijui."

Walikwenda. Baba Tumsifu alikuwa amefumba macho, lakini ilionekana anasikiliza. Wabebaji wote walikuwa wanasikiliza, hata mzee Mrutu aliyekuwa mbele, shingo imemkaza.

"Na lile neno," alisema Mama Tumsifu. "Ulilisema kwa ajili ya haki?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lingekuwa la kweli nusu, na nusu hiyo ingemtosha kuishi nayo Kirindo, ingempa hata heshima kidogo. Mti wa machela ulikuwa unamkata begani.

"Kwa haki pia," alisema Nakijwa. "Lakini nilikuwa nataka kwenda nyumbani. Nilichoka kukaa peke yangu, mama. Nilisikia kama sauti ya mama yangu, nikataka kwenda nyumbani."

Kwa Mama Tumsifu kilikuja kimya kifupi, kisha kirefu, na mikono yake haikuwa na ungo, ilishika mwavuli tu. Nakijwa alikingoja kimya kile kiishe, akiweka mguu mmoja, kisha mwingine.

"Badilisha bega," alisema Mama Tumsifu. "Hilo limechoka."